Zamu ya Maruti

Maruti Kamble alijua kupika, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Kambini Muhaisnah, makazi ya vibarua wa ujenzi Uarabuni, wenzake wa chumba, Wahindi kama yeye, walipika kwa zamu, lakini zamu yake haikufika mwaka mzima. Siku msimamizi wa basi aliposoma jina lake la ukoo kwa sauti, walijua ni Dalit, mtu wa tabaka la chini ambaye kwao hata kumgusa, au kula alichopika, ni unajisi. Akaachiwa kufagia na kusugua masufuria. Chakula walimmiminia kwa juu, upawa usije ukagusa sahani yake. Vitanda vya kampuni, arbab, bosi wao, yuleyule anawafokea wote, na bado walipata mtu wa kumdharau! Maruti aliumia, akaendelea kusugua.

Ijumaa moja ya mwaka 2014, Ibra wa Tanga, waliyekuwa wakifunga nondo pamoja naye kazini, alimwita chumba cha jirani wale wali. Maruti akasimama mlangoni, akanyoosha sahani yake kama alivyozoezwa. Ibra akaipokea, akaiweka juu ya friji.

"Sahani ya nini, ndugu yangu? Nawa, ukae."

Wakala sinia moja. Maruti alijikaza asilie, akashindwa.

Ijumaa iliyofuata aliomba kupika. "Leo mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Wilbard, mpishi wa chumba kile, akampisha. Maruti akakaanga nazi na pilipili kavu, akasaga, akaunga kuku. Harufu ikatembea korido nzima, watu wakimeza mate.

Wenzake watatu wa chumbani kwake wakatokea na sahani. Nyuma yao alikuja Dinkar, mkubwa wao, kanuna, lakini naye sahani anayo.

Usiku Maruti angerudi kulala miongoni mwao. Hata hivyo akasema, kwa lugha yao:

"Chakula kipo. Sahani hapana. Anayetaka anawe, akae, ale na mimi."

"Kichwa kimekuvimba," Dinkar alifoka.

"Nimepika mimi. Khalas, basi."

Dinkar akageuka, akaenda zake na njaa yake. Wale watatu wakatazamana. Mmoja akaweka sahani chini, akaenda bombani. Wa pili akamfuata. Maruti alitamani kupiga vigelegele.

Wa tatu naye akanawa, akajibanza kando ya Maruti kwenye sinia, goti kwa goti.

"Kaka, sogea kidogo," alimwambia. "Mkono wangu haufiki."