Kompyuta Isiyo na Kiti

“Mama mdogo, mbona kompyuta hii haina kiti?”

Nilikuwa darasa la nne siku nilipomuuliza hivyo mama yangu mdogo, Hidaya. Katika chumba cha umoja wa wakulima, Lushoto, kompyuta nne zilikuwa na viti. Ya tano ilikaa pembeni peke yake. Akacheka. “Hata mimi sijaielewa vizuri. Nikijua nitakujibu.”

Mama mdogo ni mtu wa Mlola. Alikuwa mpiga chapa wa kiwanda cha mbao, na kiwanda kilipobinafsishwa, yeye na taipureta yake walitolewa siku moja. Akauza karoti sokoni mpaka umoja ulipomwita asimamie kompyuta. Alichotaka ni kimoja tu: ramani za mashamba zichorwe hapa hapa, wazee waache kuteremka hadi Tanga kufuata karatasi.

Programu ya kuchorea ililetwa na fundi Alphonce. Ilitaka kompyuta moja iwe seva ya leseni, yaani iwape nyingine ruhusa ya kuchora; ikizimika hiyo, zote zinagoma. Nayo ilikuwa na masharti: megabaiti sitini na nne za kumbukumbu, nafasi ya kutosha kwenye diski, kadi ya mtandao, saa isiyopotea, na ishinde imewaka. Mama mdogo aliyatimiza yote kabla fundi hajafika.

“Ikifika jioni haijazima, nawaachia,” Alphonce alisema. “Ikishindwa, programu inakwenda Korogwe. Wanaisubiri.”

Ile ya pembeni, iliyofanywa seva, ikawaka. Haikupita saa, ikazima. Wakaiwasha, ikazima tena, na kila kioo kikaandika kwamba hakuna ruhusa.

Mzee Zuberi, aliyetoka Mtae alfajiri kufuata ramani yake, akajinyoosha kwenye benchi. “Hidaya, mtambo wako unapenda usingizi kunishinda mimi!”

“Ni umeme, mzee.”

“Umeme gani, dada? Mbona nyingine zinawaka?” Alphonce akaanza kufunga mkoba.

Kwetu ukungu huingia mpaka ndani, kwa hiyo kila kitu kina kitambaa chake: redio, chupa ya chai, makochi. Na kisichotumika ndicho kinachofunikwa zaidi. Ile isiyo na kiti, mama mdogo alikuwa ameifumia kitambaa kizito cha sufu, kikaishika mpaka mgongoni. Sasa akaenda kukivua akikunje, maana aliona kazi imekwisha. Mkono ukashtuka.

“Fundi! Njoo ushike. Kama chapati inayotoka jikoni!”

Alphonce akashika, akaangua kicheko. “Dada, mtambo unataka hewa, wewe umeuvisha sweta!”

“Sharti la hewa hukuniambia. Ulileta ya megabaiti tu.”

Ikapoa, ikawashwa ikiwa wazi. Mama mdogo hakubanduka pale. Hata chakula cha mchana alikila amesimama. Jioni ikaikuta inawaka bado, na Mzee Zuberi akaondoka ameikumbatia ramani yake.

Sasa niko kidato cha tatu. Likizo iliyopita nilipita ofisini. Kitambaa cha sufu kimekuwa pazia la dirisha, viti vimeongezeka, wachoraji wamejaa. Pembeni bado hakuna kiti.

“Shikamoo, mama mdogo. Na jibu langu je?”

“Marahaba.” Akawatazama wachoraji wake. “Ile inatumiwa na wote hawa kwa pamoja, mwanangu. Kiti kimoja kingemtosha nani?”