Swali la Nne la Mwalimu Evarista

Mwaka 1957 Mwalimu Evarista alikuwa na miaka thelathini na minane, watoto watano, na darasa la wasichana hamsini na wawili katika shule ya misheni huko Kilolo. Juu ya hayo alikuwa akisoma aljebra kwa posta kutoka chuo kimoja, akijiandaa kwa mtihani wa cheti alioshindwa mara mbili. Alisoma jioni akitoka kupalilia mahindi, na mara nyingi usingizi ulimchukua kabla ukurasa haujaisha.

Siku moja chuo kilimrudishia kazi iliyosahihishwa. Swali la nne lilikuwa na kosa jekundu. Swali lenyewe: y ni sawa na moja gawanya kwa jibu la x toa mbili. Taja x zote zinazokubalika, kisha y zote zinazoweza kupatikana. Evarista alijibu kuwa x ni namba yoyote isipokuwa mbili, maana hapo utagawanya kwa sifuri. Na y ni namba yoyote isipokuwa sifuri. Msahihishaji aliikubali sehemu ya kwanza. Ya pili aliikata, akaandika: “y ni namba yoyote.”

“Labda ni uchovu wangu tu,” alimwambia mumewe Kasian, fundi seremala.

“Hao ni wasomi, Mama Juliana. Waandikie wanachotaka, upumzike.”

Alitamani sana kupumzika. Hata hivyo alichukua karatasi. Akaweka x kumi na mbili, akapata sehemu moja ya kumi. Akaweka mia moja na mbili, akapata moja ya mia. Akaweka milioni moja na mbili. y ilizidi kuwa ndogo, lakini haikufikia sifuri.

“Kasian, chungwa moja ligawiwe watu wangapi ndipo kila mmoja akose kabisa?”

Kasian akafikiri. “Hata wakiwa Wahehe wote, kila mtu atapata chembe.”

Akaandika barua ya nusu ukurasa, akaituma. Miezi minne ikapita kimya. Akapanda lori kwenda Mbeya kufanya mtihani, akakuta swali la namna ileile. Akajibu alivyojua.

Alifaulu kwa alama chache tu. Wiki moja baadaye barua ya chuo ikafika: “Ulikuwa sahihi. Kosa ni letu.”

Kasian aliisoma mara mbili kwa sauti, akataka kuwaita majirani.

“Kesho, baba,” Evarista alisema. Akavua viatu, akajilaza na gauni lake la shule, akalala fofofo jua likiwa bado juu.