Mikate na Sabuni Gari Moja

Shemeji yangu tulimwita Honi. Alikuwa dereva wa kiwanda cha mikate, na kukaa hakukujua. Hata chakula alikila amesimama, mguu mmoja nje ya mlango.

Mwenye kiwanda alipouza magari yake na kukabidhi usafirishaji kwa kampuni ya nje, Honi alizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Baba watoto, hebu kaa! Unanitia kizunguzungu," dada yangu akamwambia.

"Nikae nifanye nini? Kazi si ndiyo hiyo imekwenda?"

Haikwenda siku ile. Kampuni ilimchukua kwa majaribio. Na chuki isinifanye niseme uongo: mikate ilianza kufika miji ambayo gari la zamani lingefia njiani. Mwenye kiwanda akaacha kuhangaika na matairi na mafundi, akanenepa. Lakini zamani gari la mikate lilibeba mikate tu, na dereva alilifagia mwenyewe kabla ya kupakia. Kampuni haipendi nafasi tupu. Maboksi ya sabuni yakapangwa ubavuni mwa kreti za mikate.

"Mkate utanuka," Honi akamwambia msimamizi wa bohari.

"Mzee wangu, mkate umefungwa vizuri. Washa gari."

Akawasha. Kwenye duka la kwanza, mama mwenye duka alifungua mkate, akaunusa.

"Bwana Honi, huu niule au nikaogee?"

Wateja wakaangua kicheko. Mama akakataa mzigo wote. Honi akampigia simu mwenye kiwanda. "Waulize wasafirishaji," akajibiwa. Akawapigia wasafirishaji. "Muulize mwenye mikate." Alikwenda na kurudi mbele ya duka lile, simu sikioni, injini ikinguruma, asipate mtu wa kusema kosa ni lake.

Kesho yake asubuhi, sabuni tena. Honi akapanda nyuma ya gari, akaanza kuyashusha maboksi chini, moja baada ya jingine.

"Yarudishe," msimamizi alisema, "au shuka nayo moja kwa moja."

Honi akashuka.

Gari liliondoka na dereva mwingine, wala halikuchelewa. Siku hizi Honi anashinda kwangu, anafungua dirisha, anafunga, anafungua. Yule mama mwenye duka keshaacha kurudisha mzigo. Wateja wake wengi ni vijana. Wao wanajua mkate ndivyo unavyonukia.