Jogoo wa Kuonyesha Wageni

Falesi Kambuwe alikuwa hodari wa kufuga kuku, lakini hakufaa kabisa kwa kuwachinja. Nyuma ya nyumba yake mjini Zomba, kati ya mpapai na ukuta wa jirani, aliwajengea banda juu ya nguzo ili nguchiro asiwafikie. Humo walilala mitetea watatu aliowapa majina ya vitafunio, Chigumu, Mandasi na Zitumbuwa, pamoja na jogoo mmoja mwekundu, Meneja. Aliitwa hivyo kwa kuwa kazi hakufanya, lakini kila asubuhi alikagua uwanja mzima kifua mbele. Falesi akiwamwagia pumba aliwasimulia habari za mtaa, na nadhani walizijua kuliko sisi majirani. Wanawe wote walikua kwa mayai ya banda lile. Lakini nyama? Thubutu!

Sasa, kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku wake akiwa hai. Mwenye nyumba hupiga magoti na kusema, "Kitoweo chenu ni huyu." Mgeni humgusa kuku mgongoni, hushukuru, na tangu hapo kuku ni mali ya mgeni. Falesi hakuwa mtu wa kuacha mila. Kila mara alimwonyesha mgeni Meneja, akamchukua hadi nyuma, akampitisha juu ya ukuta kwa jirani yake Elube, kisha akapika kuku aliyemnunua sokoni alfajiri, akachinjiwa huko huko. Mchungaji alishamla Meneja. Mwalimu mkuu alishamla. Shemeji wa Thyolo alimla Pasaka mbili mfululizo, na mara ya pili akasema majogoo wa nyumba hii wanafanana sana.

Mchezo ule ulimwendea vizuri mpaka kitinda mimba wake, Ulemu, alipopata mchumba. Limbani alikuwa fundi redio, kijana mpole, na wale wawili walipendana hadi wakawa kero kwa wenzao. Lililobaki lilikuwa neno la mjomba wa Limbani, Mzee Jailosi Mtawali. Kwetu mume huhamia kwa kina mke, na wajomba ndio wenye ndoa; mjomba akikataa, basi. Na mzee huyu sifa zake zilimtangulia: alishavunja posa moja huko Domasi kwa sababu alikaribishwa kwa maharage. Ulemu akawa hali akashiba.

Wyson, kaka yake Falesi, ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa binti. Alifika siku moja kabla ya mzee kuja, akaenda moja kwa moja bandani.

"Dada, huyu kesho sufuriani."

"Nimesikia, kaka."

"Kusikia si kuchinja. Wanao wote wanakujua. Mwanao anataka mume, sasa wewe umeolewa na jogoo?"

"Nimekwambia nimesikia! Nitamchinja."

Na alikusudia kweli. Alfajiri alikwenda bandani na kisu, Meneja akamjia mbio akidhani ni pumba. Falesi akasimama pale, machozi yakimtoka. Alimpenda binti yake kuliko kitu chochote duniani, na jogoo huyu naye alimpenda, na hakuona ni kwa nini mmoja amponze mwenzake. Akaficha kisu chini ya kitenge, akakimbilia sokoni. Kuku wa kienyeji walikuwa wamekwisha. Akachukua wa kisasa, mweupe, mnene, asiyejua hata kukimbia.

Mzee Jailosi alikuja na mkewe, amevaa koti zito na jua lote lile. Falesi akapiga magoti, Meneja mikononi. Mzee hakumgusa tu. Alimnyanyua bawa, akampima kucha, akamtazama jicho kwa jicho.

"Jogoo kweli huyu," alisema. "Huyu ana umri wa kupiga kura."

Watu wakacheka, Wyson akapumua, na Falesi akazunguka nyuma. Elube alimpokea Meneja juu ya ukuta, akamfunika kwa tenga.

Nsima, ugali wa kwetu, ikaja, mchuzi wa nyanya ukaja, na mzee akapewa paja. Alitafuna polepole, kisha akaacha kutafuna. Meno aliyobaki nayo yalikuwa machache, na yote yalijua kuku wa kienyeji anavyokuwa.

"Mama Ulemu, yule niliyeonyeshwa alikuwa mzee mwenzangu. Mbona huyu anayeyuka mdomoni?"

"Tumempika taratibu, baba."

Wyson akamtupia dada yake jicho, naye Falesi akainamia bakuli la mboga. Hapo ndipo jogoo alipowika.

"Wa jirani huyo," Wyson alisema haraka.

Akawika tena, sasa uani. Meneja alikuwa ametoka kwenye tenga na kuruka ukuta, maana alizoea kurudi kwao wageni wakishaondoka na leo aliona wamekawia. Akaingia mlangoni kifua mbele, akawakagua wageni mmoja mmoja, akadonoa nsima iliyoanguka karibu na kiatu cha Mzee Jailosi.

Ulemu aliweka chini jagi la maji, akajifunika uso kwa mikono.

Mzee alitazama lile paja sahanini, akamtazama jogoo.

"Mguu wake mmoja ninao hapa," alisema. "Na bado ana miwili."

"Mzee wangu, huyu dada yangu..." Wyson alianza, jasho likimtiririka.

"Nyamaza, bwana. Mama, sema mwenyewe."

Falesi akapiga magoti. "Nimeshindwa, baba. Nilikwenda na kisu, akanijia mbio. Kosa ni langu. Ulemu hakujua lolote, na yeye kuchinja anajua, mkono wake hautetemeki hata kidogo. Usimwadhibu yeye."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Falesi alidhani ni hasira, kumbe ni kicheko, na kilimshika hadi mkewe akampiga mgongoni asije akapaliwa na mchuzi.

"Nilionyeshwa jogoo huyu, sikuonyeshwa?" aliuliza alipopata pumzi. "Nikamgusa?"

"Ulimgusa."

"Basi ni wa nani?"

"Ni wako, baba," alijibu Falesi. Alishamwona Meneja akienda kwa mzee ndani ya gunia.

"Vizuri. Siku ya uchumba upande wetu huleta jogoo, upande wenu hutoa tetea. Nimezunguka vijiji nikitafuta jogoo wa maana, wote ni wa kukohoa tu. Jogoo wa Limbani ni huyu. Nyinyi chagueni tetea. Na kwetu, kuku wa uchumba hachinjwi, hufugwa."

Elube, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta muda wote, alipiga vigelegele kabla waliomo ndani hawajaelewa wameambiwa nini. Kisha Ulemu akaelewa, akatoka mbio nje akipiga kelele za furaha.

Falesi peke yake alibaki magotini. "Na atafugwa wapi, baba?"

"Atakaa atakapokaa Limbani. Kijana si anahamia hapa kwenu?"

Falesi akamkumbatia Meneja mbele ya wageni wote, akilia na kucheka, mabawa yakimpiga usoni. Wyson akamsogelea, akamnong'oneza, "Na Krismasi je?"

"Kaka," alisema Falesi, "mali ya watu hiyo."