Shujaa Asiyeamkia

Vumbi la mashine ya zamani likipata moto hutoa harufu ya pekee, kama pasi iliyosahauliwa juu ya sweta. Juzi mwanangu alipochomeka mashine ya gemu ya mtumba niliyomnunulia, harufu ile ilinifikia jikoni nikiwa na mwiko mkononi. Mara nikawa Kaloleni, kwenye chumba cha mbele cha kina Zuhura, asubuhi za baridi Mlima Meru ukiwa umejifunika mawingu na sisi watoto tumebanana mkekani.

Hamkunijua enzi hizo. Nilikuwa na kigugumizi, na neno lililonishinda kuliko yote lilikuwa shikamoo. Kabla sijalitoa, mtu mzima alikuwa ameshapita. Basi nikaacha kuamkia. Mtaani wakasema Ndeshi hana adabu, na mama yangu, aliyejali sana watu wa usharika watasemaje, akanionya kuwa nikimwaibisha tena sitatoka nje ya geti likizo nzima.

Dada Zuhura alikuwa sekondari, na ndiye aliyetutafsiria gemu kwa Kiswahili, kama wale jamaa wa mabanda ya video wanavyotafsiri sinema. Mashujaa wengi walijisemea wenyewe, yeye akawafuatia. Siku moja akaweka gemu mpya. Wazee wa kijiji waliongea, wachawi waliongea, lakini shujaa alikuwa kimya. Aliingia nyumba za watu bila hodi, akavunja mitungi yao, kisha akasimama mbele ya mzee mwenye ndevu akimkodolea macho.

"Huyo mtoto wa nani?" Mama Zuhura aliuliza kutoka mlangoni, alikokuwa akikaanga maandazi. "Anaingia kwa watu hata salamu hakuna?"

Wenzangu walicheka, wakataka turudishiwe gemu ya zamani yenye shujaa msemaji. Mimi sikucheka. Nilimwonea huruma yule kijana. Labda naye neno lilikuwa limemkwama.

"Ndeshi, mwamkie mzee kwa niaba yake," Dada Zuhura alisema.

Nikaanza. Sh, sh, sh. Mtu akataka kunimalizia, Zuhura akamkata jicho. Kwenye kioo cha runinga yule mzee alikuwa amesimama tu na ndevu zake. Dada Zuhura aliiweka pedi ya kuchezea gemu mapajani, akaondoa vidole kwenye vitufe, akatulia. Mwishowe likatoka, lote, na Mama Zuhura akaitikia mlangoni, "Marahaba, mwanangu."

Likizo nzima nilikuwa sauti ya shujaa. Niliamkia wafalme na wahunzi, hata mazimwi kabla hatujayakata vichwa, kwa sababu Mama Zuhura alishikilia kuwa mkubwa ni mkubwa. Kigugumizi hakikuisha, ninacho hadi leo. Lakini Jumapili moja baada ya ibada nilimwamkia mzee wa kanisa mbele ya mama, polepole, nikalimaliza neno mwenyewe. Mama alinishika bega, hakuliachia mpaka tulipofika nyumbani.

Miaka yote hii niliamini nilisaidiwa na bahati ya kukutana na shujaa bubu. Mwanangu alikuwa ameipata gemu ile ile. Akaiwasha, na shujaa akafungua mdomo akaongea, sauti nzito, maneno tele. Nikabisha kwamba siye. Mwanangu akanionyesha kwenye mipangilio: sauti ya shujaa peke yake unaweza kuiwasha au kuizima.

Nikampigia Dada Zuhura, ambaye siku hizi ana duka la vitambaa Sokon One.

"Alikuwa anaongea sana yule," alisema, kana kwamba tunazungumzia jirani. "Nikamzima, tukusikie wewe."

Kumbe hata wenzangu walipolalamika kwamba shujaa ni bubu, alikubali lawama bila kutoboa siri. Nilitaka kumshukuru, na neno likakwama palepale linapokwamaga. Upande wa pili wa simu, Dada Zuhura alingoja mpaka nikalimaliza.