Salamu ya Mikono Miwili Mwambani

Bon, acha nijicheke mwenyewe kwanza. Majuzi bosi wetu wa kiwanda hapa Buffalo, Marekani, alitualika kupanda mwamba kisiwani. Ziwa lilikuwa limeganda, tukavuka kwa miguu juu ya barafu. Nilitaka sana kujua huko juu kuna nini. Nikafungwa kamba kiunoni, ikapitishwa kwenye pete kileleni, bosi akaishikilia kutoka chini, nikapanda.

Karibu na kilele nikamkuta baba yake bosi, mzee wa mvi aliyetangulia kupanda, akaninyooshea mkono. Alitaka kunivuta, mimi nikaona ni salamu. Kwetu Bukavu mzee hapewi mkono mmoja. Nikaachia mwamba, nikampa yote miwili, nikainama. Vidole vyake vikaniponyoka.

Nikabaki naning'inia kama mbuzi buchani.

“Mbona umeachia?” bosi akapaza sauti, kiwanda kizima kikisikiliza.

“Nilikuwa namsalimia baba yako!”