Ngitili ya Serikali

Mwangaluka nyote. Na nyie mliokaa kule kwenye magunia ya mbegu sogeeni, siwezi kupiga kelele kama mnadi ng'ombe. Kuna mtu hapa kanicheka kwamba nimezaliwa Bariadi na kuzeekea Bariadi, sijatembea popote. Kutembea nilitaka. Nilishapanda mpaka lori. Sikilizeni kilichonishusha.

Ilikuwa zile enzi za ruksa, kila kitu ruksa. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ukikosana naye unailalia ndani kama godoro. Ruksa ilipofika, wanunuzi wakaja wengi kuliko pamba yenyewe. Nimewaona kwa macho yangu wanunuzi wawili wamechuchumaa shambani, wameshikilia tumba moja, wanasubiri lipasuke. Mimi nikapata kibarua cha kupakia pamba kwenye lori la tajiri mmoja mwenye duka pale mjini. Shule sikwenda, lakini mgongo nilikuwa nao wa chuo kikuu.

Huyo tajiri aliletewa kalenda na watu wa kiwanda. Mwezi wa tatu ulikuwa na picha ya hifadhi, msitu mnene mpaka unaona giza mchana, na katikati maji yanaporomoka toka juu ya mwamba. Mwezi ukaisha, tajiri akakataa kugeuza karatasi. Watu tukapalilia, tukavuna, tukauza, dukani kwake bado ni Machi.

Msimu ulipokwisha akaniita. "Tunakwenda kupiga kambi pale," akasema, anaonyesha kalenda.

"Kufanya nini?"

"Kukaa. Kuangalia maji. Lori lipo, turubai la pamba ndiyo hema letu. Mke wangu hataki kuwa mwanamke peke yake, kwa hiyo njoo na wako."

Nikaenda nyumbani, nikamwambia mke wangu. Huyu mwanamke amekulia Zagayu. Maji ya kiangazi kwake ni kwenda mtoni na kata, unachimba mchanga mpaka unapotelea kiunoni, halafu unangoja tope litulie. Alinisikiliza, akaacha kupepeta mchele.

"Yanaanguka yenyewe?"

"Yenyewe."

"Mchana kutwa?"

"Na usiku."

"Na hakuna anayekinga?"

Nikamwambia hakuna. Kesho yake asubuhi, kabla sijanawa uso, akaniuliza tena kama ni kweli hakuna anayekinga. Tangu siku hiyo alichotaka duniani ni hicho kimoja, kwenda kuyaona hayo maji kwa macho yake. Alianza kukausha michembe, viazi vitamu vile vya kukata vipande, akajaza gunia zima, kana kwamba tunakwenda kuishi na maji hayo mpaka tuyazike. Kwenye mitumba nikamnunulia sweta, na mimi nikajitwalia koti, maana tajiri alisema msituni kuna baridi. Koti lilikuwa zito, nililitundika kwenye msumari, ukuta ukasogea. Nikalijaribu jua la saa saba hapo Bariadi, jasho lililonitoka bata wa jirani walikuja kuogelea.

Ikabaki kitu kimoja. Watoto wetu na ng'ombe wetu wachache lazima tuwaache kwa wakwe, na mke wangu alisema baba yake asipokubali yeye hapandi lori. Kwa hiyo safari yake yote ilikuwa mdomoni mwa yule mzee.

Nikachukua baiskeli mpaka Zagayu. Nikamkuta mzee anasuka kamba. Tukasalimiana, mhola, mhola duhu, nikaanza.

"Baba, tunataka kwenda kwenye hifadhi."

"Hifadhi ndiyo nini?"

Hapo ndipo nilipopotea, na wala sikujua. Nilitafuta neno atakalolielewa, nikalipata. "Ni kama ngitili, baba, ila hii ni ya serikali."

Nyie mnaijua ngitili. Unazuia kipande cha majani, hakuna kulisha, mpaka kiangazi kikikaza ndiyo kinafunguliwa. Mzee akaiweka kamba chini.

"Imefunguliwa?"

"Imefunguliwa. Siku hizi ruksa, unalipa getini unaingia."

"Majani yapo?"

"Hata mbwa hapenyi."

"Maji?"

"Yanamwagika toka juu, hayajawahi kukauka."

"Nani kaona?"

"Tajiri wangu kaona."

Sikusema kaona wapi. Mzee akaikunja ile kamba, akasema, "Nendeni. Watoto msiwe na wasiwasi, watakuwa na sisi. Ng'ombe walete kesho. Mimi najiandaa."

Nikadhani anajiandaa kulea wajukuu. Nilirudi nimeachia usukani, baiskeli inajua njia. Mke wangu nilipomwambia baba kakubali aliimba mpaka kuku wakaingia bandani kwa kudhani ni jioni.

Asubuhi ya kuondoka tulikuwa mbele ya duka. Mke wangu ndiye alitangulia kupanda lori, sweta mwilini, amekaa juu ya michembe. Mara tukaona vumbi kutoka upande wa Zagayu. Halafu kengele. Halafu ng'ombe, ng'ombe na ng'ombe, barabara ikajaa, wauza chai wakaanza kupanga vikombe wakidhani siku ya mnada imebadilishwa. Nyuma yao mzee na fimbo yake, nyuma yake mama mkwe na wajukuu na vyungu na kuku kwenye tenga, na majirani wao wawili na mifugo yao. Mzee alikuwa anasama, anahama moja kwa moja.

Tajiri akatoka dukani. "Shikamoo mzee. Hawa wanakwenda mnadani?"

"Marahaba. Wanakwenda na nyinyi. Lori litangulie, sisi tutafuata vumbi."

Tajiri akaniangalia. Mimi nikaangalia tairi.

"Mzee, kule ng'ombe haingii," tajiri akasema. "Akiingia anakamatwa."

"Ngitili isiyoingia ng'ombe?"

"Ndiyo."

"Nyinyi mnaingia kufanya nini?"

"Kuangalia maji."

"Halafu?"

"Tunalala."

"Mkiamka?"

"Tunaangalia tena."

"Mnaswaga nini?"

"Hatuswagi kitu, mzee."

"Halafu mnahamia."

"Tunarudi hapa."

"Na mnalipa."

"Tunalipa."

Mzee akageukia lori. "Mwanangu, shuka. Mumeo anaumwa na tajiri wake anaumwa."

Mke wangu hakushuka. Alishika ubavu wa lori, akasema taratibu, "Baba, niache nikaone tu. Maji ninayoyajua mimi ni ya kuchimba."

Mzee akaangalia chini, akaandika andika vumbi kwa fimbo, nikaona analegea. Akamwangalia mkewe, kama anamwuliza.

Sasa mama mkwe wangu, tangu nimwoe binti yake, hajawahi kunisemesha. Ni heshima yetu, mkwe hatazamwi. Akitaka nile anamwambia kuku kwamba chakula kiko tayari, mimi nasikia. Siku hiyo akatua chungu, akaja mpaka kwenye lori, akanitazama usoni. Nawaambia kabisa kwamba hatukwenda. Alichosema kilimkalisha dereva chini akishika mbavu, tajiri akaingia dukani akageuza kalenda, na mke wangu mwenyewe alishuka kwenye lori kwa kicheko, akajifuta machozi kwa sweta, akasema basi mama, yamekwisha.

Maana mama yake alisema, "Mkwe, hiyo hela ya getini nipe mimi, nipande na ndoo juu ya hili lori, niwamwagie mpaka mchoke kuangalia."